Mtungi wa Gesi Kabatini

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa kijana niliyejiona fundi kwa sababu tu niliwahi kubadilisha soketi mbili tatu. Nilikuwa naishi Njoro, hapa Moshi, kwa dada yangu Manka, mshonaji wa sare za shule. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara, akaamua lile jiko la umeme lililozamishwa kwenye kaunta litolewe, pale pale liwekwe la gesi.

Mzee Elinami, fundi kutoka Marangu, akalitoa la zamani, akazifunga nyaya zake vizuri, akalikalisha jipya kwenye tundu. Kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Mtungi hauwezi kukaa humu kabatini, chini ya jiko," aliniambia. "Gesi ikivuja itajaa humu humu. Jumatatu nitatoboa ukuta, mtungi ukae nje. Msiwashe."

Manka alikuwa sokoni Kiboriloni, maana kesho yake binti yake alikuwa anapata kipaimara na wageni wangekuja. Nilimwona mzee anarefusha kazi tu. Alipoondoka, nikauingiza mtungi kabatini, nikaufunga mpira wa gesi mwenyewe, wala sikupaka hata povu la sabuni kuona kama unavuja. Dada aliporudi nikamwambia fundi amemaliza. Alifurahi, mwanangu. Furaha ile ndiyo inayoniuma.

Jumapili asubuhi aliingia kuchemsha chai. Akawasha kiberiti, kabati likalipuka.

Hakufa. Lakini mikono yake iliungua, vidole vikashikana, na hakuweza tena kushika sindano. Majirani walipouliza, alijibu alichokijua: kazi ni ya Mzee Elinami. Mzee alipokuja kujieleza, ndugu zetu walimfukuza mlangoni. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikatazama chini. Njoro hakuna aliyemwita tena. Akarudi Marangu kwenye migomba yake.

Nilikaa na jambo hilo miaka minne. Siku nilipomwambia Manka, alisema, "Nenda kwa yule mzee."

Nikapanda Marangu. Nilimkuta akikatia ng'ombe majani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamweleza yote. Akaweka panga chini.

"Mikono ya dada yako uliichoma kwa haraka," alisema. "Jina langu umelichoma taratibu, miaka minne, na kila siku ulikuwa na nafasi ya kuuzima moto."

Nikateremka mjini. Nilizunguka Njoro nyumba kwa nyumba nikisema ukweli. Wengine walishahama, wengine hawakutaka kusikia. Mzee hakufanya kazi mjini tena mpaka tulipomzika.

Mwanangu, anayejua kazi yake akikuambia subiri, subiri, hata kama wageni wako mlangoni. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Ukichelewa utasema ukweli wako wote na hautamrudishia mtu kitu.

Mungu akupe mikono yenye subira, na ulimi usioogopa aibu.