Kidonge cha Jirani

Ijumaa moja ya Ramadhani, alasiri, mama mmoja alifungua pindo la kanga kwenye duka la dawa hapa Chumbageni, akatoa kidonge. "Nataka kama hiki," alimwambia muuzaji. "Jirani alinigawia viwili, kimoja nimemeza wakati wa daku."

Nilikuwa nimesimama kando yake, nikakitambua. Ni cha kushusha sukari.

"Una kisukari, mama?"

"Sina, daktari. Kizunguzungu tu." Mtaani bado wananiita hivyo, ingawa nimestaafu.

Jasho lilimtoka na vidole vilitetemeka juu ya kaunta. Niliagiza soda, nikamsihi afungue saumu.

"Magharibi imekaribia."

"Kwako wewe iko mbali," nikamwambia.

Akanywa huku analia. Vidole vikatulia.

Huku kwetu tunaombana chumvi na makaa, sasa tunaombana na vidonge, na anayetoa anaonekana mwema. Hapo ndipo nilipotaka kuimaliza safu hii ya gazeti. Lakini mama alifuta midomo, akasema, "Na mimi nilimpa vyangu vya presha. Tangu asubuhi nampigia hodi, haitiki."

Miaka yote ya hospitali sikuwahi kukimbia. Siku hiyo nilikimbia, kanzu nimeishika mkononi.