Mahindi Yaliyogoma Kukauka

Bibi yangu anakaa Lumuma, juu milimani. Mwezi wa saba kule ukiamka hujui kama kumekucha, ukungu umekaa mpaka mlangoni. Mimi nimekulia Kilosa mjini, kwenye joto. Nilipomaliza kidato cha nne nikapelekwa kumsaidia, nikaenda na sweta moja na haraka zangu zote.

Asubuhi ni kuchota maji yanayouma vidole, kuwasha kuni zilizolowa umande, kuosha masufuria. Kila kitu nilitaka kiishe nirudi kwenye blanketi. Bibi alikuwa anasema, "Wewe kazi unaifukuza kama kuku wa jirani."

Wiki moja kulikuwa na kazi aliyoijali kuliko zote. Jumapili askofu anakuja kutoa kipaimara, na kina mama wa kanisa ndio wanapika. Mwaka wa nyuma yake Bibi aliteleza kisimani akaumia nyonga, wakamwambia, "Mama, wewe pumzika, uje kula tu." Walisema kwa upendo. Lakini mimi aliniambia, "Mtu akishaambiwa aje kula tu, ameanza kuagwa." Kwa hiyo safari hii aliahidi debe zima la unga mweupe, na ugali alitaka asonge mwenyewe.

Unga ule hauna njia ya mkato. Mahindi unakoboa, unaloweka siku tatu, unaosha, unaanika mpaka yakauke kabisa, ndiyo unapeleka mashine. Tulianika Jumatano. Jua halikutoka. Alhamisi tukatandika turubai, manyunyu, tukarudisha ndani. Ijumaa nikachoka. Bibi alipoenda kumjulia hali jirani mgonjwa, nikajitwika mahindi kwenye ndoo mpaka mashineni.

"Shikamoo," nikamwambia fundi.

"Marahaba." Akachukua punje, akatafuna. "Haya mabichi kabisa! Unataka nikusagie unga au nikukandie mkate?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka.

"Rudi nayo, mdogo wangu. Yatanizibia chekeche."

Nikarudi na aibu yangu, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Niliweka bati juu ya mafiga, nikamwaga mahindi, nikachochea kuni, nikaenda kuchota maji. Kurudi, uani kote kunanukia bisi. Ya juu yalikuwa mazima. Ya chini yalikuwa ya kahawia, mengine meusi.

Bibi alinikuta nimesimama hapo na ndoo kichwani. Nikangoja anifokee. Akavuta kigoda.

"Leta nyungo mbili," akasema. "Tuchague."

Tulichagua punje moja moja mpaka jioni, vidole vimekufa ganzi. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, nisamehe. Nilitaka tu yaishe."

"Yaishe, halafu uende wapi?"

Nikainamia tena ungo.

Yale mazuri tuliyatandaza jikoni kwenye mkeka, kando ya moto, tukawa tunayageuza kwa mikono. Jumamosi mchana jua lilichungulia kidogo, tukayatoa nje, nikakaa hapohapo kufukuza kuku. Nilipoyapeleka mashineni fundi akatafuna tena, akanitazama, akawasha mashine. Tulipata nusu debe na kidogo.

Jumapili unga niliubeba mimi. Mama anayesimamia jiko la kanisa akafungua, akanusa.

"Mama, mbona unga huu una moshimoshi?"

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Bibi akaniwahi.

"Baridi yote hii, mlitaka mahindi tu ndiyo yasiote moto?"

Kina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yule msimamizi naye akacheka, lakini nilimwona anaukadiria unga kwa macho, anaona kabisa kwamba debe halijafika. Akamtazama Bibi, akatazama ile nyonga.

"Haya, sogea basi," akasema, akampa mwiko. "Maji yanachemka."

Bibi alisonga akiwa amekaa kwenye kigoda chake, mimi nimeshikilia sufuria kwa matambara isicheze. Katikati mkono ukamchoka. Nikanyoosha wangu nimpokee mwiko.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja.