Ombi Lako Linashughulikiwa

Pale saluni hakuna anayemwita msusi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wateja wanamwita Mama Linashughulikiwa, na yeye anaitika, tena anaitika vizuri tu, maana kununa kunachosha na yeye amechoka vya kutosha. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila akirudi kutoka ofisi ya uhamiaji na wenzake wakimuuliza mambo yamefikia wapi, alikuwa anavua viatu, anajipaka mafuta vidoleni, kisha anajibu vile vile alivyojibiwa dirishani: "Ombi langu linashughulikiwa."

Hebu niambieni, jamani, ni kitu gani hicho kinachoshughulikiwa miaka nenda miaka rudi? Nyumba inajengwa, inaezekwa, watu wanahamia. Mimba yenyewe inafika mwisho, mtoto anatoka na kucha zake zote. Hii ruhusa ya mtoto mmoja wa kike kuja kukaa na mama yake mzazi ina ugumu gani?

Mtoto mwenyewe anaitwa Kapengo. Msusi alimwacha kwa bibi yake wakati meno mawili ya mbele yamemtoka, ndipo jina likamganda. Mume alikuwa ameshawapa kisogo, na msusi akaja ugenini kutafuta, nia yake ikiwa kumvuta binti yake mara tu akipata chumba. Chumba alipata. Akanunua na kitanda cha mtoto, akakiegemeza ukutani bila hata kukitoa nailoni. Akapeleka ombi. Kwenye picha aliyobandika, Kapengo anacheka na pengo lake wazi kabisa.

Basi mwanamke wa watu akaanza safari za dirishani. Siku yake ya mapumziko ikawa ndiyo siku anayoamka mapema kuliko siku za kazi. Mlinzi wa getini alimzoea hadi akawa anamtania, "Karibu mama, leo umewahi kazini!" Ndani kulikuwa na viti vya chuma vilivyofungwa pamoja, feni inayozunguka kama imelazimishwa, na karani kijana nyuma ya kioo, mtoto wa watu mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Ombi lako linashughulikiwa. Ukiitwa utakuja."

Adabu ile ndiyo iliyomuudhi zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu anayekupa shikamoo utamshika wapi?

Mara moja tu uvumilivu ulimwishia. Alitakiwa kuleta picha mpya, akaleta. Karani akaitazama, akaitazama na ile ya zamani, akakuna kichwa. "Lakini mama, huyu siyo huyu."

"Ni yeye!" msusi akafoka. "Nyinyi ndio mmemchelewesha mpaka akaota meno! Mngefanya kazi mapema mngemkuta na pengo lake!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani naye alicheka, akajiziba mdomo kwa mkono ulioshika mhuri. Msusi mwenyewe akacheka, kisha akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi saluni kusuka.

Kwenda kumwona mtoto hakuweza. Waliomtangulia walimwonya kwamba ukitoka nchini kabla ombi halijajibiwa, unaanza upya. Kwa hiyo wakawa watu wa simu, na Kapengo naye, kwa utundu wake, akalidaka lile neno la dirishani.

"Umefua sare?"

"Ombi lako linashughulikiwa, mama."

"Wewe! Nitakuja nikuchape!"

"Ukiitwa utakuja."

Wanacheka mpaka bibi anapiga kelele kutoka jikoni kwamba wanamaliza chaji.

Miaka ikapita. Sauti ya Kapengo ikawa nzito kidogo, ya msichana mkubwa. Kile kitanda msusi alimwuzia jirani, nailoni na yote, akanunua kirefu zaidi. Alipowasuka mabinti wa rika la mwanawe, vidole vilipunguza kasi. Akishika kisogo cha mtoto wa mwenzake, anajiuliza cha wa kwake kimekaaje sasa.

"Mama, mbona leo unanisuka kama unanibembeleza?" binti mmoja aliwahi kumuuliza.

"Tulia, nisije nikapindisha mstari," alijibu.

Huko nyumbani, bibi alikuwa ameacha kupiga kelele. Alianguka bafuni, na tangu hapo kila Kapengo akiulizwa hali yake, alijibu haraka haraka, "Hajambo, miguu tu inamsumbua." Mara nyingine alisema, "Subiri kidogo mama, namgeuza bibi," na msusi akabaki anasikiliza ndoo ikiburutwa sakafuni. Msusi aliyasikia yote hayo, ila akili yake yote ilikuwa kule dirishani.

Siku simu ya uhamiaji ilipoingia, alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Ilikuwa sauti ya yule yule karani.

"Shikamoo mama. Kibali cha binti yako kimetoka. Mwambie asichelewe."

Kitana kikamponyoka. Saluni nzima ikalipuka kwa kelele, wengine wakamkumbatia na mikono yao yenye povu. "Mpigie, mpigie tumsikie!" Akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Kapengo! Kimetoka! Kibali kimetoka!"

"Kweli, mama?"

"Kweli, mwanangu! Funga mizigo uje!"

"Na bibi je?"

Ombi lilikuwa la mtu mmoja. Siku alipolipeleka, bibi alikuwa anabeba ndoo ya maji kichwani huku anagombana na majirani, nani angemfikiria?

"Tutatafuta mtu wa kukaa naye," msusi alisema.

"Mtu gani, mama? Hata uji hakubali kulishwa na mwingine." Mtoto hakuwa analia. Aliongea taratibu, kama mtu mzima anayemweleza mwenzake. "Zamani ningekuja mbio. Bibi alikuwa anatembea."

"Sasa unaniambiaje, mwanangu?"

Kapengo akashusha pumzi. Hakulisema kwa ubaya, wala hakuwa anatania. Pengine alikosa tu neno jingine.

"Ombi lako linashughulikiwa, mama."

Safari hii hakuna aliyecheka. Msusi akaondoa sauti ya nje, akaibana simu sikioni kwa bega.

"Haya, mama," alimwambia binti yake. "Nitasubiri. Mgeuze bibi."

Akainama, akaokota kitana, akaendelea kusuka pale alipoachia.