Eti Sijiamini!

Wapendwa, leo simu imeninyang'anya nafasi ya kuanzisha nyimbo kwenye kwaya yetu hapa Makole!

Mwalimu mpya wa kwaya kaja na akili mnemba kwenye simu yake, eti inapanga waimbaji kwa tabia zao.

Akaniuliza, "Mama Neema, unaimba vizuri?"

Nikajibu, "Najaribu tu, mwanangu, Mungu ananisaidia."

Jamani, mlitaka nijisifu?

Akaandika hivyo hivyo. Simu ikasema: huyu hajiamini, akae nyuma.

Dada mmoja wa kwaya aliyejibu "mimi ni bora" ndiye kapewa nafasi yangu!

Nikamwambia, "Mwalimu, ule ni unyenyekevu. Hiyo simu yako imelelewa na nani?"

Akacheka. Akanicheka mimi!

Haya, Jumapili aanzishe huyo bora wake. Mimi siitikii.

Mungu anisamehe, lakini siitikii. Ninyi mngeitikia?