Chaki Kwenye Ukuta wa Nyuki

Watu wengi wanaoandika kuhusu utoto wao huisifu harufu ya udongo uliochanganywa na kinyesi kibichi cha ng'ombe. Husema inawakumbusha sikukuu, usafi na mikono ya mama zao. Mimi nikiisikia, hasira hunipanda kabla sijajua ninamkasirikia nani. Mwaka jana nilipita karibu na boma moja huko Awasi, wanawake wakikandika nyumba, nikavuka barabara ili nisipite penye upepo wake. Ni harufu nzito, ya majani yaliyosagwa na tope jeusi la nyanda za Kano, na ndani yake mna majivu yanayokwaruza koo. Nimekiandika kisa hiki mara nyingi na kila mara nimekifuta, kwa sababu nikikisoma nakuta nimejipamba. Safari hii nitakiacha jinsi kitakavyotoka.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, wazazi wangu, waliokuwa na duka la vipuri vya baiskeli mjini Kisumu, walinipeleka kwa bibi yangu mzaa baba, ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Ahero. Tulimwita Dani, kama Waluo wanavyowaita bibi zao. Dani aliishi na binti yake wa mwisho, Lilian, ambaye kwangu alikuwa Waya, yaani shangazi. Waya alikuwa na miaka ishirini na sita, na likizo hiyo watu wa mchumba wake walikuwa wanakuja kuanza habari ya mahari. Nilifika nikamkuta tayari ameshakasirika. Alikasirikia paa lililotoboka, kuku walioharisha mlangoni, na mvua ambayo ilikuwa haijanyesha lakini ingeweza kunyesha. Nami nilikuwa mtoto wa mjini, nisiyejua kubeba ndoo kichwani bila kumwaga nusu. Hakunipenda, na mimi sikumpenda. Hilo nalisema kwanza ili msomaji asinidhanie kuwa ninakumbuka kwa haki.

Jiko la Dani lilikuwa nyumba ndogo ya udongo iliyosimama peke yake, na ukuta wake wa nyuma, uliotazama macheo, ulikuwa na matundu mengi kama uliochomwa kwa penseli. Nilidhani ni kazi ya mchwa. Asubuhi ya pili niliketi pale kumkimbia Waya, ndipo nikawaona wenye nyumba wakitoka. Walikuwa nyuki, lakini si wale wa asali. Hawa walikuwa wanene, wenye manyoya ya kahawia mgongoni, na tumbo jeusi lenye mikanda ya buluu inayong'aa kama kitambaa cha satini. Kila mmoja alikuwa na tundu lake. Mlio wao ulikuwa mwembamba na mkali, kama wa mtu anayesaga meno. Nikawafuata mpaka kwenye bustani ya Dani, kwenye mnavu na nyanya, nikaona jinsi nyuki anavyolikumbatia ua, anaacha kupiga mbawa, kisha anatetemeka mwili mzima mpaka chavua inamwagika juu ya tumbo lake. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Nililiona mwenyewe, na tangu saa ile sikutaka kitu kingine chochote.

Mama alikuwa amenipa simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, nichezee. Nilikuwa nimesikia kwa mvulana wa darasa la juu kwamba lenzi ndogo iliyo ndani ya mashine mbovu ya DVD inaweza kuifanya kamera ya simu ione vitu vidogo, na dukani kwetu, ambako baba alitengeneza redio pia, hakukukosekana mashine mbovu; nilikuwa nimekuja na lenzi moja. Niliifunga lenzi hiyo juu ya kamera kwa mpira wa kufungia pesa. Ilikubali. Tatizo ni kwamba ilinilazimu nimsogelee nyuki mpaka abaki umbali wa ukucha, na nyuki wale hawakukaa mahali. Walifika ukutani, wakaingia. Walifika kwenye ua, wakaondoka. Siku nzima nilipiga picha, na jioni nilizipitia moja moja chini ya mwanga wa taa ya sola, nikafuta zote. Katika picha hii mguu ulikuwa na ukungu. Katika ile bawa lilikatwa pembeni. Siku moja nilikuwa na picha ambayo mtu yeyote angeipenda, ila jicho moja halikuwa kali. Nikaifuta, kisha nikalia kwa kuwa nimeifuta.

Waya alinikuta pale kila alipokwenda kumwaga majivu. “Wenzako wanachota maji,” alisema, “wewe unachungulia makalio ya wadudu. Baba yako analipa karo ndiyo uwe daktari ya nzi?” Mbele ya majirani aliniita Mama Nyuki, na wote wakacheka. Nilimchukia kwa uangalifu uleule niliopigia picha. Nilijua idadi ya mistari shingoni mwake.

Kisha nikasikia kwamba Alhamisi nyumba zote zitakandikwa, kwa kuwa wageni wanakuja Jumamosi. Nilikuwa nimeshaona nyuki wakiingia na chavua ya manjano miguuni na kutoka bila kitu, siku baada ya siku. Nilijua kuna watoto ndani, japo sikuwa nimewaona. Usiku sikula. Asubuhi nikamwendea Dani alipokuwa akipepeta mchele, nikamwambia kwamba wakikandika ukuta wa nyuma watawazika nyuki wakiwa hai. Dani alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya lugha ngeni. Aliyejibu ni Waya, akiwa mlangoni.

“Ukuta ya nyuma ya jiko? Nani anataka kumaliza kinyesi ya ng'ombe huko? Wageni hawaendi nyuma. Hatutaigusa. Ikae na hao wadudu wako.”

Hakusema kwa wema. Alisema kama mtu anayetupa mfupa ili mbwa aondoke miguuni. Lakini alisema, na Waya hakuwa mtu wa kugeuza neno lake. Nyuki walikuwa wamepona. Ilikuwa inanipasa kunyamaza, niendelee na picha zangu.

Sikuweza. Picha zangu hazikuwa na mpango. Sikujua nyuki gani ni wa tundu gani, na jambo hilo lilinisumbua kama punje ya mchanga ndani ya jicho. Jumatano Waya alipokwenda sokoni Ahero, nilitoa chaki kwenye mkoba wa shule na kuanza kuzungushia kila tundu duara, na juu ya kila duara nambari. Duara la kwanza lilitoka kama yai. Nikalifuta kwa kitambaa kibichi, nikachora upya. Nambari tano haikufanana na tano nyingine, nikairudia. Nilipomaliza jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa jiko, na ukuta mzima ulikuwa na maduara arobaini na moja, meupe, yaliyokolezwa mara mbili ili yasifutike kwa umande. Nilirudi nyuma hatua kumi nikautazama. Niseme ukweli: nilijiona nimefanya kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

Alhamisi walikuja wanawake watatu kumsaidia Waya. Mkubwa wao alikuwa Mama Otis, jirani mwenye mikono minene na mzaha usiokwisha. Walikandika nyumba ya Dani, wakakandika mbele ya jiko, na mchana walikuwa wakinawa ili wamalize. Mama Otis akaenda nyuma kumwaga maji machafu. Nilimsikia akicheka peke yake.

“Lilian, kuja uone,” aliita. “Huku kuna ubao ya shule.”

Wakaenda wote, nami nikawafuata mbio. Walisimama mbele ya ukuta wangu. Mmoja akasoma nambari kwa sauti, wakacheka tena. Halafu Mama Otis akaacha kucheka, akageuka kutazama kijia kilichopita hapo kuelekea chooni.

“Lakini mama mkwe akienda choo atapita hapa,” alisema. “Atauliza hii namba ni ya nini. Wewe utamwambia nini? Watu wa kwao watasema hapa tunaandika uchawi kwa ukuta.”

Waya alikitazama kijia kile, kisha akautazama tena ukuta. Leo najua alikuwa anaogopa. Siku ile niliona ukatili tu.

“Pakeni yote,” alisema. “Anzeni na hizo shimo. Ameshatuonyesha.”

“Waya, ulisema hutaigusa,” nilisema.

“Nilisema wageni hawataona. Nani amefanya zionekane?”

Niliangalia vidole vyangu, vilivyokuwa bado na chaki kwenye kucha.

“Si wewe ndiye unapenda kitu ikae safi?” aliongeza. “Leta maji.”

Nikaleta maji. Ningeweza kukataa, ningeweza kumwaga ndoo, ningeweza kukimbilia kwa Dani. Nilichota maji mtungini, nikayabeba bila kumwaga hata tone, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mama Otis alikanda tope gumu, akalifinyanga vidonge, akawa anavisukuma kimoja kimoja kwa kidole gumba mpaka ndani ya kila duara, kwa mpangilio wangu. “Namba saba, lala,” alisema. “Namba nane, lala. Namba tisa, wewe pia, lala.” Wenzake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Hata kama wangeukandika ukuta huo bila michoro yangu, wangepitisha mikono haraka, tope jembamba, na pengine nyuki wangetoboa kama walivyotoboa miaka mingine yote. Hakuna tundu lililosahauliwa. Baada ya vidonge walipaka juu yake tabaka la kinyesi na majivu, wakalilainisha kwa viganja, na ukuta ukawa kitu kimoja, wenye kung'aa kwa unyevu.

Walipoondoka kwenda kuoga, nyuki waliokuwa bustanini wakaanza kurudi. Walikuja wakiwa na chavua miguuni. Kila mmoja alifika pale hasa palipokuwa na mlango wake, akasimama hewani, uso ukutani, akisogea kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha akirudi palepale. Mlio ulikuwa mwingi kiasi kwamba niliuhisi kwenye meno. Wiki nzima nilikuwa nimeomba nyuki mmoja tu akae mahali kwa muda wa pumzi moja. Sasa walikaa wote. Nikatoa simu mfukoni, nikaweka lenzi sawa, nikasogea mpaka umbali wa ukucha, nikapiga. Niliendelea mpaka jua likazama na mmoja baada ya mwingine akaondoka kwenda kushika vijiti vya uzio kwa taya, kama wanavyolala wasio na nyumba. Usiku huo nilipitia picha zangu. Moja ilikuwa kali kutoka jicho hadi ncha ya bawa, mikanda minne ya buluu, chavua kama unga, na nyuma yake ukuta laini. Sikuifuta. Nililala nikiwa na furaha, na hili ndilo neno ambalo nimekuwa nikiliondoa kila mara ninapoandika.

Jumamosi wageni walikuja, wakala, wakasifu usafi wa boma. Mama mkwe hakwenda chooni hata mara moja. Ukuta haukutobolewa, si kutoka ndani wala kutoka nje, kwa muda wote niliobaki pale.

Sasa nina miaka ishirini na mitatu. Ninaishi chumba cha kupanga Nyalenda, mjini Kisumu, na ninapiga picha za wadudu. Hakuna aliyenifundisha, na bado ninafuta nyingi kuliko ninazobakiza. Watu wanaonifuata mtandaoni hupenda picha ile kuliko zote. Huniuliza niliwezaje kumpata nyuki wa porini akiwa ametulia hivyo, nikiwa mtoto, na simu ya kioo kilichopasuka. Kwa miaka mingi nimewajibu neno moja: subira. Wananisifu, nami nawadharau kwa kuniamini.

Krismasi iliyopita nilienda kwa Dani. Waya naye alikuwa amekuja kutoka Port Victoria, anakouza samaki. Amenenepa, anacheka upesi, ana watoto wanne wanaomtii. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha picha ile kama mtu anayetoa ushahidi. Nilimpa simu baada ya chakula. Aliiweka mbali na macho yake, akaitazama.

“Huyu ni mzuri,” alisema. “Anatafuta nini hapo?”

“Shimo namba kumi na tisa.”

Alielewa. Hakunirudishia simu mara moja.

“Atieno, ile ilikuwa matope tu,” alisema. “Ilikuwa haijakauka. Ungetoa na kidole. Mimi ningekuchapa, lakini ungetoa.”

Nilikuwa nimebeba hasira yangu miaka kumi na miwili nikiisubiri siku hiyo, na nilipoitafuta niweze kumjibu, sikuipatia mahali pa kuiweka isipokuwa kwangu. Nilichukua simu nikatoka nje.

Jiko la udongo lilichukuliwa na mafuriko. Baba alijenga lingine la matofali, likapigwa plasta nje na ndani, na siwezi kusema lile la zamani lilikuwa bora. Dani hakohoi tena kwa moshi, maji hayaingii, na hakuna mwanamke anayeinama siku nzima akikanda kinyesi kwa ajili ya macho ya wageni. Asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko hilo jipya, saa ambayo nyuki walikuwa wakianza kazi. Nina kamera siku hizi ambayo inaweza kuonyesha kila unywele wa mguu wa nyuki. Ukuta ulikuwa wa kijivu, umenyooka, hauna ufa, hauna tundu hata moja. Maisha yangu yote nimetaka kitu kisicho na dosari, na hicho hapo. Nilikaa mbele yake mpaka jua likanichoma shingo, kamera ikiwa mkobani, na hakuna kilichokuja.