Jina Nililolisahau Ndani ya Skripti

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta, basi babu alipofariki niliombwa nitengeneze ukurasa wa picha zake, uonyeshwe kwenye skrini siku ya maziko nyumbani Usa River. Sikuhangaika. Nilichukua skripti ya PHP, programu fupi ya kutengeneza kurasa, niliyoiandika mwaka jana tulipomzika baba mdogo Elia, mwanawe babu, nikabadilisha jina pale juu. Kichwa cha ukurasa kikasomeka vizuri. Nikafunga kompyuta, najisifu.

Kumbe jina la chini ya picha linatoka ndani ya fanksheni, kipande cha programu kinachojitegemea, na fanksheni haioni jina lililowekwa nje yake. Kazini nawafundisha wenzangu hilo hilo! Mwaka jana lilinisumbua, nikachoka, nikaandika jina la baba mdogo humo humo ndani, nikasahau.

Picha ya kwanza ikatokea mbele ya waombolezaji wote. Babu anacheka kwenye migomba yake, na chini yake: "Pumzika kwa amani, Elia."

Bibi alikaa mbele kabisa. Alisoma polepole, kisha akanigeukia.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "Elia wangu atakufa mara ngapi?"