Watoro wa Ghorofa ya Tatu

Hasira za Dada Pilipili hazikuanzia kazini. Alizaliwa nazo, na jina hilo walimpachika nyumbani tangu akiwa mtoto. Lakini asubuhi ile zilimpanda kwa sababu ya neno moja tu, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mtoro.

Kazi yake ilikuwa utafiti wa baiolojia kwa kompyuta. Wagonjwa walipimwa kliniki, pumzi, mikono, mwendo, kisha namba zao zikamfikia yeye, naye akaziweka kwenye programu hadi zionyeshe ugonjwa unakwendaje. Na ugonjwa wenyewe ni ule unaoua neva zinazoendesha misuli. Unaanza na kijiko kuponyoka mkononi, unafuata mguu, unafuata ulimi, na akili iko palepale inatazama yote. Nafasi ile aliiomba kwa ajili ya kaka yake, fundi cherehani ambaye siku moja alishindwa kutunga uzi kwenye sindano na tangu hapo hakuuweza tena.

"Mchoro wa kikao cha kesho uwe safi," Profesa, mkuu wa utafiti, alikuwa amemwambia. "Watoro watoe. Wanatuharibia mstari."

Watoro ni wagonjwa walioacha kuja kliniki. Bila wao, dawa iliyokuwa ikijaribiwa ilionekana inapunguza kasi ya ugonjwa. Ukiwarudisha, dawa haikupunguza chochote. Pilipili akawafungua ili awatoe, na wa kwanza tu akamjua. Jina halikuwapo, lakini umri ule, kazi ile, mkono ule ulioanza kuishiwa nguvu, ni nani mwingine? Kaka yake mwenyewe.

Jamani! Mtu hageuki kitandani bila mkewe, eti mtoro! Na kliniki yenyewe iko wapi? Ghorofa ya tatu. Lifti imekufa tangu mwaka jana, imebandikwa karatasi ya "Samahani kwa usumbufu", na karatasi nayo imeshachakaa. Wagonjwa wa miguu wanawekewa kliniki juu ya ngazi, wakishindwa kupanda wanaandikwa wamekimbia. Pilipili alisukuma kiti kwa nguvu hadi mwenzake wa meza ya pili akamwaga chai.

Akamshika nesi wa kliniki wawapigie watoro simu. Ya kwanza ilipokelewa na mama mmoja. "Huyo tulishamzika, mwanangu," alisema. "Mlikuwa mnamtakia nini?" Wa pili naye alikuwa amezikwa.

Jioni Pilipili alipitia kwa kaka yake. Wifi yake alikuwa anamnywesha supu, kijiko kwa kijiko.

"Kaka, unajua kazini wamekuandikaje? Mtoro."

Kaka akaangua kicheko, kikaishia kwenye kikohozi, wifi akaacha bakuli akamshika kifua. Alipopata pumzi, alisema neno mojamoja, kwa ulimi ule mzito: "Waulize... nimekimbilia... wapi."

Wifi alicheka. Pilipili hakuweza. Aliingia jikoni akasugua masufuria yaliyokuwa safi tayari.

Kesho yake, mbele ya kikao kizima, Profesa akaangaza mchoro ukutani, na mstari ukaonekana ukiporomoka.

"Hawa ni nani?"

"Watoro wako."

"Si nilisema uwatoe?"

"Mmoja ni kaka yangu. Ameniagiza nikuulize, amekimbilia wapi?"

Profesa akajikohoza. "Dada, mambo ya nyumbani tusiyalete kazini. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, na anayesaini ni mimi. Watoe hao, tuendelee."

"Usisaini!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, naye hakuishusha. "Mchoro wa watu wote nimeshaupeleka kwenye kamati ya maadili. Wanaoweza kutembea, wagonjwa wa kitandani na waliozikwa, wote wamo. Na kama mtoro unamtaka sana, niandike mimi. Mimi miguu ninayo!"

Akanyakua mkoba, akazishuka ngazi mbilimbili, machozi ya hasira yakimtoka. Chini, mbele ya lifti, alimkuta mzee kwenye kiti cha magurudumu, binti yake amesimama nyuma, wote wawili wanaisoma ile karatasi ya samahani.

"Samahani, dada," binti akauliza, "kliniki ya neva ndiyo hii ya huko juu?"

Pilipili akaibandua karatasi, akaikunjakunja mkononi.

"Ngojeni hapahapa. Msiondoke," alisema. "Leo kliniki itashuka yenyewe."

Akazipanda tena ngazi zilezile, akimwita nesi kwa sauti iliyosikika jengo zima.